Nimepata kazi ya simu ofisi ya dhamana San Diego, bosi anasema sihitaji leseni. Ni kweli?

MtotoWaPangani

Habari za usiku wakuu. Shikamooni mnaostahili.

Niko San Diego, mtaa wa City Heights, huu mwaka wa nne. Nilikuwa naendesha kibasi cha abiria wa uwanja wa ndege, mgongo ukagoma, nikaacha. Mwezi uliopita jamaa mmoja akaniunganisha na mwenye ofisi ya dhamana huko mjini, hatua chache kutoka jela ya kaunti. Ni zile ofisi ambazo taa yao haizimwi usiku wala mchana. Bosi kanichukua kwa ajili ya Kiswahili changu. Anasema Wakongomani na Wabantu wa Somalia wanapiga simu usiku wa manane, mtoto kakamatwa, na hawaelewani na mtu yeyote pale. Mimi napokea simu, naandika jina la aliyekamatwa na tarehe yake ya kuzaliwa, namtafuta kwenye tovuti ya sherifu, basi.

Nalipwa kwa saa. Halafu kila bondi iliyopitia kwenye simu yangu naongezewa dola 100 taslimu.

Nilimuuliza habari ya leseni. Akacheka, eti wewe ni mkalimani, mkalimani gani ana leseni ya dhamana? Lakini kijana wa zamu ya mchana kaninong'oneza kwamba hapa leseni ziko aina kwa aina, na bosi anayo moja, ile iliyo kwenye fremu ukutani. Kuna na jamaa mwingine anakuja jioni na koti jeusi, pingu kiunoni, huyo sijui ana nini.

Naomba kujua: leseni zenyewe ni zipi, kila moja inaruhusu nini, na mimi wa simu naangukia wapi? Sitaki mchezo, maombi yangu ya kadi ya kijani bado yako mezani kwa watu.

---

KijanaWaBuguruni

Subiri kwanza. Dhamana inauzwa? Dukani? Usiku kucha kama chipsi mayai?

Sisi huku ndugu yako akishikwa unakimbilia kwa mtendaji wa mtaa upate barua, unatafuta wadhamini wawili wenye vitambulisho na kazi ya kueleweka, na mmoja wao lazima azime simu asubuhi ya mahakama. Kumbe kuna nchi una namba ya kupiga! Jibu sina, nimevuta kiti tu.

---

BiMwanaWaLikoni

Marahaba mwanangu wa Pangani. Kaa nikueleze taratibu, maana kazi hii nimeifanya tangu 2011, Long Beach, na nina jibu lako ingawa halitakufurahisha.

Leseni za dhamana hapa California haitoi mahakama wala polisi. Anatoa Idara ya Bima ya jimbo. Ukijiuliza bima imeingiaje kwenye mambo ya jela, hapo hapo umeshika ufunguo. Bondi ni ahadi ya kampuni ya bima kwa mahakama, kwamba mtu huyu asipofika tutalipa sisi. Tuseme dhamana ni dola 50,000. Familia inatoa asilimia 10, yaani 5,000, na hizo hazirudi hata mtoto akishinda kesi. Zile 50,000 zenyewe hakuna anayezitoa siku hiyo, kampuni ndiyo imezisimamia. Basi leseni zote utaziainisha kwa maswali mawili: pesa iliyosimama nyuma ya karatasi ni ya nani, na nani ameruhusiwa kufungua mdomo kuizungumzia.

Ile ya bosi wako ukutani bila shaka ni ya wakala wa dhamana. Huyu anaruhusiwa kutafuta wateja, kujadiliana nao na kuandika bondi, lakini kwa niaba ya kampuni ya bima iliyomteua, na uteuzi huo uwe umefika Idarani na haujafutwa. Bila uteuzi leseni yake ni nahodha asiye na chombo. Kampuni ikishamteua inampa hati za uwakilishi, kila moja ina namba yake na kikomo chake cha pesa, na kila bondi inayokwenda jela inafungwa na hati moja. Mimi zangu naziweka kwenye sefu pamoja na pasipoti. Ukiona bosi wako anakasirika ovyo ovyo usimlaumu sana, mteja akitoroka kampuni inamgeukia yeye kabla ya kumgeukia mtu mwingine.

Kuna leseni ya pili ambayo kwa jina la kwao ni kama kusema "mwenye kibali". Huyu hasimami na kampuni ya bima, anasimama na mali yake mwenyewe. Katika miaka yote hii sijakutana na hata mmoja, kwa hiyo usipoteze usingizi kwayo. Nani mwenye mali ya kutosha atakayetaka kuiweka mbele ya kijana aliyekamatwa Ijumaa usiku?

Sasa sikiliza hii ya tatu, kwa sababu hii ndiyo yako. Inaitwa leseni ya solisita wa dhamana. Usimchanganye na wakili, jina tu limefanana. Solisita ni mwajiriwa wa wakala. Anazungumza na wateja, anataja bei, anapanga malipo, anafanya biashara ya dhamana, ila kwa jina la mwajiri wake na chini yake. Haandiki bondi kwa jina lake mwenyewe, na hawezi kufungua ofisi. Mimi nilianzia hapo. Mwajiri wangu wa kwanza, mzee wa Kimeksiko aliyekuwa akivuta sigara mlangoni, aliniambia siku ya kwanza: mama, hapa ukitaja bei tu umeshauza.

Na huo ndio mpaka wako. Kupokea simu, kuandika jina, kumwambia mtu "ngoja nikupe wakala", hiyo ni kazi ya karani. Kutafsiri huku wakala yuko kwenye laini anasema yeye, sioni tatizo. Lakini mama akikuuliza "ni pesa ngapi?" ukajibu "asilimia 10, leta 2,000 leo zilizobaki tutapanga", hapo umejadiliana dhamana bila leseni, na sheria ya bima ya jimbo hili inakataza hilo waziwazi. Ni kosa la jinai. Na zile dola 100 kwa kila bondi ndizo zinazokuumbua kabisa. Karani halipwi kwa bondi. Mpelelezi akiona hizo hatauliza swali la pili.

Jamaa wa pingu ni mtu wa nne. Yeye ni msaka watoro, wa kumrudisha jela aliyeruka dhamana. Zamani California haikumpa leseni, ilimdai mafunzo tu. Tangu Julai 2023 anatakiwa awe na leseni ya Idara hiyo hiyo ya Bima, na bima ya dola 1,000,000. Kabla ya kwenda kumkamata mtu lazima awape taarifa polisi wa eneo hilo, ndani ya saa 6 kabla, na haruhusiwi kuvaa kitu cha kumfanya aonekane askari wa serikali. Hilo koti jeusi limeandikwa nini mgongoni? Na hata akiwa nayo hiyo leseni, haimpi ruhusa ya kuuza bondi.

Ukitaka kuhakikisha, ingia tovuti ya Idara ya Bima, andika jina la bosi, jina la jamaa, utaona leseni ya kila mmoja na kama iko hai. Ni bure. Fanya usiku huu huu kwenye zamu.

---

WakiliMtarajiwa_Nrb

Shukran Bi Mwana, nimejifunza zaidi ya muhula mzima. Huku Kenya Katiba, kifungu cha 49(1)(h), inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi kwa masharti ya kuridhisha, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Lakini mdhamini anakuja na hati ya shamba au logbuku ya gari lake mwenyewe, na hakimu anamhoji anamjuaje mshtakiwa. Mtu wa kudhamini watu asiowajua kwa malipo, kila wiki, akigunduliwa kortini ataingia yeye ndani. Ajabu kwamba kwenu ndiyo biashara yenye leseni.

Swali: hizo aina za leseni ziko sawa Marekani yote? Nina binamu Dallas.

---

BiMwanaWaLikoni

@WakiliMtarajiwa_Nrb la, kila jimbo na lake. Texas kwenye kaunti kubwa leseni inatolewa na bodi ya kaunti, kwa hiyo binamuyo asiniskize mimi. Florida majina ni mengine kabisa: kuna wakala anayesimama na kampuni ya bima na kuna anayesimama na fedha zake, na kule kumsaka mtoro ni kazi ya wakala mwenye leseni mwenyewe, huyu wa pingu wa kukodiwa hawamtaki. Illinois walipiga marufuku biashara hii 1963, Kentucky 1976. Oregon na Wisconsin pia hakuna. Na nje ya Marekani ni Ufilipino tu ndiyo utaikuta, kwa hiyo mshangao wa kijana wa Buguruni una haki yake.

Hapa kwetu nayo ilikaribia kufa. 2018 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuondoa dhamana ya pesa, sisi wenye biashara tukaipeleka kwa wapiga kura, Novemba 2020 wakaikataa. 2021 Mahakama ya Juu ya California ikasema hakimu lazima aangalie uwezo wa mtu kulipa. Na Los Angeles tangu Oktoba 2023 wengi wa makosa madogo wanaachiwa bila pesa kabla ya kumwona hakimu. Simu zangu zimepungua, siwadanganyi. Lakini kama mama na si kama mfanyabiashara, sikulia.

---

MtotoWaPangani

Bi Mwana, nimeisoma mara tatu. Leseni ya bosi ipo na iko hai. Ya jamaa wa pingu sikuiona, nimejaribu jina lake kwa herufi zote.

Sasa niseme ukweli maana hapa hakuna anayenijua. Nilishavuka huo mpaka. Wiki ya pili alipiga mama mmoja wa Bukavu, saa 9 usiku, kijana wake kashikwa, dhamana 20,000. Bosi alikuwa amelala kwenye kochi nyuma, kaniambia nisimwamshe mpaka pesa iwe mezani. Nikamwambia mama bei. Akasema ana 700 tu. Nikamuuliza ana nini kingine. Akaja na teksi kaleta mikufu mitatu ya dhahabu na bangili, kafunga kwenye kitambaa cha kitenge. Nikaandika risiti kwa mkono, jina langu, saini yangu. Bosi akaamka akasaini bondi, kijana akatoka asubuhi. Nikapewa 100 zangu.

Dhahabu iko kwenye droo ya bosi. Haijafungwa.

---

BiMwanaWaLikoni

Yarabi.

Mwanangu, sikugombezi, nakueleza. Rehani ya dhamana si mali ya ofisi. Wakala anaishika kwa niaba ya mwenyewe, ni amana. Anatakiwa kuandika risiti kamili ya kila kitu alichopokea, aiweke mbali na mali yake, na kesi ikiisha na bondi ikifutwa airudishe kama ilivyokuwa. Kesi hiyo ikiisha mwezi ujao na mkufu mmoja haupo, mama yule atatoa risiti. Risiti ina jina la nani?

Na ulivyomuuliza "una nini kingine" ndivyo mazungumzo ya dhamana yalivyo, hakuna mfano bora zaidi wa darasani.

Fanya hivi. Piga picha vitu vyote pamoja na risiti, leo. Mwambie bosi aandike risiti mpya kwa jina lake na namba ya leseni yake, nakala kwa mama. Zile 100 usipokee tena. Na kwa sababu ya kesi yako ya makaratasi, kabla ya neno lolote kwa mtu wa Idara au wa polisi, kaone wakili wa uhamiaji. Wakili kweli, si mimi, na si jamaa wa kujaza fomu pale University Avenue.

Ukitaka kubaki kwenye kazi, solisita si mlima. Uwe umefikisha miaka 18, darasa la saa 20 kabla ya leseni, mtihani wa Idara, alama za vidole, na mwajiri wa kukuchukua rasmi. Bosi anayekutaka kweli atalipia darasa. Asiyetaka kulipia alikuwa anataka mdomo wako bila jina lake.

Nimesahau moja. Hata ukiipata leseni, usithubutu kutafuta wateja ndani ya jela au mahakamani, wala kumlipa mfungwa akuitie wenzake. Na kulikuwa na kanuni ya kutozungumza biashara na kila jirani anayepiga simu kwa umbea, ila na aliyekamatwa mwenyewe, wakili wake, mtu mzima wa familia yake ya karibu, au mtu aliyemtaja yeye kwa maandishi. Sisi Waswahili simu ya kwanza siku zote inatoka kwa jirani.

---

PapaWaKadutu

Jambo bandugu. Mimi niko El Cajon, mutu wa Bukavu. Kuhusu ule mama, siulizi ni nani, lakini nasema upande wetu sisi wenye kulipa.

Mimi nilitia saini kwa mutoto wa rafiki yangu. Dhamana ilikuwa 30,000, nikatoa 3,000. Kisha mwendesha mashtaka akakataa kufungua kesi kabisa. Nikaenda kudai franga zangu, wakaniambia hapana, kazi ilishafanyika, mutoto alitoka. Nilikasirika wiki nzima. Hakuna aliyenieleza kwa luga yangu mbele ya kutia saini. Aliyetafsiri alikuwa binti ya miaka 15 wa jirani.

Kwa hiyo kijana wa Pangani, batu wetu wanakuhitaji kwenye ile simu. Lakini ukae na karatasi yako.

---

BiMwanaWaLikoni

Papa, pole sana, na walikwambia kweli ingawa walichelewa kukwambia. Ninyi mnaotia saini mjue na hili: kijana asipofika mahakamani na bondi ikaanguka, kwa kawaida kuna siku 185 za kumrudisha kabla ya kampuni kulipa. Siku hizo zikipita, wanaodaiwa zile 30,000 nzima ni ninyi wenye saini. Mimi wateja wangu nawasomesha hilo neno kwa neno, kwa Kiswahili, na wanarudia kwa mdomo wao. Wawili watatu wamebadili nia palepale mezani, nikakosa biashara, nikalala vizuri.

Na dhamana ya uhamiaji ni mnyama mwingine kabisa, ya serikali kuu, inaanzia dola 1,500. Msiichanganye na hii.

---

KijanaWaBuguruni

Bado niko hapa. Chai imeisha.

---

MtotoWaPangani

Mrejesho, wakuu.

Nilipiga picha. Bangili ilikuwa imehama, haikuwa kwenye droo, nikaikuta kwenye sahani ya funguo pale kaunta. Nikamwonyesha bosi risiti na leseni yake ukutani, nikamwambia aandike upya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaandika, kwa mkono wake, namba ya leseni na kila kitu, bangili akaielezea mpaka rangi. Nakala nilimpelekea mama mwenyewe. Alinipa sambusa, hakujua jasho lililonitoka.

Kesho yake zamu zangu zikapunguzwa kutoka tano mpaka mbili. Darasa hatalipia, kasema nitafute mwenyewe. Jamaa wa pingu haji tena jioni, sijui kaambiwa nini.

Nimejiandikisha darasa la saa 20, linaanza Jumamosi. Wakili wa uhamiaji nimepata miadi Alhamisi. Kuna anayejua ofisi huku San Diego au Chula Vista inayotafuta solisita wa Kiswahili, yenye mwenyewe anayekaa macho usiku?

---

BiMwanaWaLikoni

Chula Vista namjua mmoja, mwanamke, halali kabisa kwa maana zote mbili. Nitumie ujumbe faraghani baada ya kumwona wakili, si kabla.

Na ile risiti ya kwanza, yenye saini yako, umeirudisha mkononi mwako au bado iko kwa mama?